Gari Likikwama Mbali na Msaada: Vibao, Kamba ya Kunyumbuka, Winchi au Jeki Ndefu?

Kila anayejiandaa kuendesha gari katika maeneo ya mbali yasiyo na barabara, yawe jangwa, nyika, msitu au mabonde ya tope, hufikia hatua ya kujiuliza abebe kifaa gani cha kulinasua gari litakapokwama. Uamuzi huo ni mgumu kwa sababu nafasi ndani ya gari ni finyu, fedha zina mipaka, na kila kilo inayoongezwa hulizamisha zaidi gari lile lile ambalo kifaa kimenunuliwa ili kulitoa. Vifaa vinavyowatia watu katika mashaka zaidi ni vinne: vibao vya kujinasulia, kamba ya kunyumbuka, winchi (mashine ya kuvuta inayokunja kamba kwenye pipa lake) na jeki ndefu. Vyote vinne vimekwisha kujaribiwa kazini kwa miaka mingi, na kila kimoja kina watu wanaokitetea kwa nguvu. Hata hivyo, kuuliza kipi ni bora hakuna maana mpaka ijulikane gari litakwama wapi, litakuwa pamoja na nani, na litakuwa limeshikwa kwa namna gani.

Lipo jambo moja linalosaidia kupanga mawazo. Hakuna kati ya vifaa hivi kinachofanya kazi peke yake; kila kimoja huazima nguvu mahali fulani. Vibao huazima kwenye matairi ya gari lenyewe, kwa kuyapa kitu kigumu cha kukanyaga. Kamba ya kunyumbuka huazima kwenye mwendo wa gari la pili. Winchi huazima kwenye nanga, yaani mti, mwamba au gari jingine lililosimama imara. Jeki huazima kwenye ardhi iliyo chini ya gari. Msafiri akishajua ni kipi kati ya hivyo kitakuwepo huko anakokwenda, na kipi hakitakuwepo, nusu ya uamuzi imeshafanyika.

Vilivyo vya lazima kabla ya kuchagua

Beleshi, kipimo cha upepo wa tairi na pampu ya kujazia havimo katika ulinganisho huu, kwa sababu hakuna anayepaswa kusafiri bila navyo. Gari ambalo matairi yake hujazwa psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 32 hadi 36 kwenye lami linaweza kushushwa hadi psi 15 au 18 kwenye mchanga laini, na tairi likishushwa kiasi hicho hurefuka pale linapogusa ardhi, likatandaza uzito wa gari juu ya eneo kubwa badala ya kuchimba. Ralph Bagnold, mwanajeshi Mwingereza aliyevuka jangwa la Libya kwa magari ya Ford katika miaka ya 1920 na 1930, alitegemea mbinu hiyo ya kupunguza upepo pamoja na mabamba ya chuma yaliyowekwa chini ya magurudumu, na kikosi cha Long Range Desert Group alichokianzisha mwaka 1940 kiliendelea nazo. Mchanga haujabadilika tangu wakati huo. Anayepunguza upepo anapaswa kwenda taratibu na kuepuka kukata kona kwa ghafla, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo huweza kuchomoka kwenye rimu, na ajaze tena kabla ya kurudi kwenye barabara ngumu, maana tairi laini likiendeshwa kwa kasi hupata joto hadi kupasuka.

Beleshi nalo lina hesabu yake. Waokoaji wa magari ya kijeshi hukadiria kwamba gari lililozama kimo cha magurudumu huhitaji mvuto unaokaribia uzito wake wote, lililozama hadi kwenye madigadi huhitaji mara mbili ya uzito huo, na lililozama hadi kwenye kabini huhitaji mara tatu. Kwa makadirio hayo, gari la kilo 2,500 lililofika kwenye madigadi linadai mvuto wa takriban kilo 5,000. Robo saa ya kuchimba mbele ya magurudumu na chini ya tumbo la gari huweza kulirudisha kutoka daraja la pili hadi la kwanza, na hakuna kifaa kati ya hivi vinne kisichofaidika na kazi hiyo. Anayeruka hatua ya kuchimba huilipia kwa kamba zilizokatika na vyuma vilivyopinda.

Vigezo vya kulinganisha

Kila kifaa kitapimwa kwa maswali yale yale matano. Kwanza, kinahitaji nini kutoka nje ya gari? Pili, kinafaa ardhi ya namna gani? Tatu, gari lenyewe linapaswa kuwa na nini ili kitumike? Nne, kinaleta hatari gani kwa watu walio karibu? Tano, kina uzito kiasi gani, na kinadai matunzo na mafunzo kiasi gani?

Swali la tatu linastahili maelezo ya awali, kwa kuwa ndilo linalosahaulika mara nyingi. Kamba na winchi hufungwa kwenye sehemu maalumu za kuvutia, ambazo zimekazwa kwenye chesisi na kuthibitishwa kwa uzito unaojulikana. Vitanzi vidogo ambavyo magari mengi hutoka navyo kiwandani vimewekwa kwa ajili ya kulifunga gari linaposafirishwa melini au juu ya lori, na havikutengenezwa kustahimili mvuto wa ghafla. Kitufe cha mviringo cha kuvutia trela ni cha hatari zaidi: kimekusudiwa kuvuta mzigo unaotembea kwa ulaini, na kikivunjika wakati kamba imenyooka huruka kwa kasi ya kuweza kupenya kioo na kuua. Watu wamekufa kwa njia hiyo. Kwa sababu hiyo, mtu ambaye gari lake halina sehemu halisi za kuvutia mbele na nyuma anapaswa kuzifunga kwanza, kisha ndipo afikirie kununua kamba au winchi.

Vibao vya kujinasulia

Vibao vya siku hizi hutengenezwa kwa nailoni ngumu, vina meno juu na chini, na huuzwa viwili viwili. Urefu wake kwa kawaida hupita kidogo mita 1. Havihitaji gari la pili wala nanga, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa: mtu mmoja mwenye beleshi anaweza kuvitumia bila kumngoja yeyote. Anachimba mteremko mfupi mbele ya magurudumu, au nyuma yake iwapo njia aliyoingilia ni rahisi zaidi kutokea, anavisukumiza vibao mpaka meno yaguse tairi, kisha anaondoka kwa gia ndogo na kwa mguu mwepesi.

Ardhi inayovifaa ni mchanga, theluji na tope lisilo na kina kirefu. Pale ambapo tumbo la gari limelala juu ya ardhi na magurudumu yanaelea, vibao haviwezi kufanya kazi mpaka gari linyanyuliwe au udongo wa chini uondolewe, kwa maana tairi lisilobeba uzito halina cha kukikandamizia kibao. Kwenye mawe yenye ncha na mitaro mipana faida yake ni ndogo, na si vyema kuvigeuza daraja la kuvukia shimo isipokuwa mtengenezaji amesema wazi kwamba vinaweza kubeba mzigo huo.

Gari halihitaji kuwa na chochote cha pekee ili kuvitumia. Hata gari la kukodi lenye bampa za plastiki hunufaika navyo. Hatari yake kwa watu ni ndogo kuliko ya vifaa vingine vyote vilivyomo humu, ingawa si sifuri, kwa kuwa gurudumu linalozunguka kwa kasi huweza kukirusha kibao nyuma kwa nguvu. Asiwepo mtu nyuma wala mbele ya gurudumu lililowekewa kibao. Kuzungusha magurudumu ovyo kuna adhabu nyingine pia: msuguano huyeyusha meno ya nailoni, na kibao kisicho na meno ni ubao wa kutelezea.

Kwa uzito, jozi moja haizidi sana kilo 6 hadi 8, na matunzo yake ni kuosha na kuvikinga na jua kali la miaka mingi. Kujifunza kuvitumia huchukua mchana mmoja. Inafaa kuvifunga utepe mrefu wa rangi kali, kwa sababu gari likishatoka huvizika mchangani na kutafuta kwa mikono hupoteza muda.

Kamba ya kunyumbuka

Kamba hii huonekana rahisi kuliko vyote, lakini kati ya vinne hivi ndiyo inayodai nidhamu kubwa zaidi, kwa hiyo maelezo yake yatakuwa marefu. Hufumwa kwa nailoni, na hurefuka wakati wa kuvuta: mkanda bapa hurefuka kwa takriban asilimia 20, na kamba ya mviringo huweza kufika asilimia 30. Gari la pili huondoka kamba ikiwa imelegea, mwendo wake unahifadhiwa ndani ya nailoni inayorefuka, kisha nailoni hurudi na kulichomoa gari lililokwama. Mkanda wa poliesta wa kukokotea magari mabovu haurefuki, na kuutumia kwa mtindo huo ni sawa na kuyagonga magari mawili kwa mnyororo.

Inahitaji gari la pili, na gari hilo liwe na uzito unaokaribiana na wa lile lililokwama, dereva anayejua anachofanya, na ardhi ngumu ya kutosha ya kukanyagia. Msafiri wa peke yake anayeibeba anabeba tumaini la kukutana na mtu. Ardhi inayoifaa ni ile laini inayoshika magurudumu kwa kunyonya, yaani mchanga na tope. Gari lililonasa kwenye mwamba au kisiki halipaswi kuvutwa kwa mshtuko hata kidogo, maana nguvu yote huishia kwenye chuma badala ya kwenye mwendo.

Kuhusu gari lenyewe, sehemu za kuvutia zilizothibitishwa ni sharti kwa magari yote mawili. Uimara wa kamba nao una kipimo: nguvu ya kuikata inapaswa kuwa kati ya mara 2 na mara 3 ya uzito wote, pamoja na mizigo, wa gari lililo jepesi kati ya hayo mawili. Gari la kilo 3,000 likiwa limepakiwa linahitaji kamba ya kilo 6,000 hadi 9,000. Kamba dhaifu hukatika, na iliyo nene kupita kiasi hairefuki, hivyo hupeleka mshtuko moja kwa moja kwenye chesisi.

Hatari yake hutokana na nguvu iliyohifadhiwa. Nguvu ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo gari linaloondoka kwa kilomita 20 kwa saa hupeleka kwenye kamba mara nne ya kile ambacho lingepeleka kwa kilomita 10. Hii ndiyo sababu ya kuanza taratibu na kuongeza kidogo kidogo, na ndiyo sababu ya kupumzisha kamba baada ya mivuto michache, kwa kuwa nailoni hupata joto na kupoteza uwezo wake wa kurudi. Kila mtu asiyeendesha anapaswa kusimama umbali usiopungua mara 1.5 ya urefu wa kamba ikiwa haijavutwa, na asisimame kwenye mstari wa kamba, mbele wala nyuma. Kamba mbili zikihitaji kuunganishwa, kitanzi hupitishwa ndani ya kitanzi, na kipande cha mti au gazeti lililokunjwa huwekwa katikati ili visikazane. Kamwe zisiunganishwe kwa pingu ya chuma, yaani kiungo cha umbo la U kinachofungwa kwa pini, kwa maana kamba mojawapo ikikatika chuma hicho hugeuka risasi. Kamba zinazofumwa kwa nyuzi nyepesi za kisasa na kutengenezwa umbo la pingu hupunguza hatari hiyo, na kwa maoni yangu zinastahili kununuliwa pamoja na kamba yenyewe na si baadaye.

Uzito wake ni kilo chache tu na hukunjika ndani ya mfuko. Matunzo yake hayana mjadala: mchanga na tope vioshwe, kwani chembe za mchanga hukata nyuzi kutoka ndani, ikaushwe, kwa sababu nailoni iliyolowa hupoteza sehemu ya nguvu yake, na ikionekana imechanika ukingoni istaafishwe hata kama inaonekana bado ni nzima mahali pengine.

Winchi

Winchi ya umeme hubadilisha kukwama kuwa kazi ya polepole yenye mpangilio. Kwa kuwa mvuto wake hauna mshtuko, na unaweza kusimamishwa wakati wowote, ndiyo inayofaa pale ambapo kosa dogo ni ghali: mteremko mkali, ukingo wa mto, mwamba, au gari lililoinama kiasi cha kukaribia kupinduka. Katika tope zito pia haina mpinzani.

Inachohitaji kutoka nje ni nanga, na hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu. Katika msitu nanga ni kila mti wenye shina nene, ilimradi uzungushiwe mkanda mpana chini karibu na ardhi, ili gome lisikatwe na mti usife. Katika uwanda wa mchanga usio na mti wala jiwe, winchi hubaki pambo la kilo nyingi mbele ya gari, isipokuwa dereva awe na nanga ya kuchimbia ardhini au awe tayari kuzika tairi la akiba ndani ya handaki lenye kina cha kutosha. Kuzika tairi ni mbinu inayofanya kazi kweli, lakini ni kazi ya saa nzima au zaidi kwa mtu aliyechoka, chini ya jua.

Gari linahitaji bampa au fremu imara ya kuifungia, betri nzuri, na springi za mbele zinazoweza kuubeba uzito wa ziada. Kanuni ya ukubwa ni mara 1.5 ya uzito wa gari likiwa limepakiwa, kwa hiyo gari la kilo 3,000 linataka winchi ya kilo 4,500. Ikumbukwe kwamba uwezo ulioandikwa kwenye winchi ni wa safu ya kwanza ya kamba iliyo karibu kabisa na pipa. Kila safu inayoongezeka juu yake huupunguza uwezo huo kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana kuvuta kamba ndefu ni afadhali kuliko fupi, na ndiyo maana kapi moja lina thamani kubwa: kamba ikipitishwa kwenye kapi lililofungwa kwenye nanga na kurudishwa kwenye gari, mvuto hukaribia kuwa mara mbili na kasi hupungua kwa nusu. Umeme nao una mipaka. Winchi ikielemewa kabisa huweza kuvuta ampea 400 au zaidi, kiasi ambacho alteneta haiwezi kukifidia, kwa hivyo injini iwe inanguruma, na mota ipumzishwe kila baada ya muda mfupi.

Kuhusu usalama, uchaguzi wa kamba una uzito wake. Waya wa chuma hustahimili kusuguliwa na mawe, lakini nyuzi zake zikikatika huchoma mikono, na waya mzima ukikatika hurudi kwa nguvu ya kukata. Kamba ya nyuzi za sintetiki ni nyepesi, huelea majini na huhifadhi nguvu ndogo zaidi inaponyooshwa, ingawa huharibiwa na msuguano, joto na jua. Kwa aina yoyote, glavu nene zivaliwe, blanketi zito litundikwe katikati ya kamba iliyonyooka, mtu asivuke juu yake, na mizunguko isiyopungua mitano ibaki kwenye pipa. Kwa kamba ya sintetiki, ambayo huteleza, ibaki zaidi ya hiyo. Mkono mmoja ndio unaotoa amri, na kila mwingine akae mbali.

Uzito wa winchi hufika kilo 25 hadi 40 kabla ya kuongeza bampa, na mzigo huo upo mbele siku zote, hata katika safari ambazo hautahitajika. Matunzo yake ni ya kudumu: kamba ifunguliwe na kupangwa upya, nyaya za umeme zikaguliwe, na winchi iwashwe mara kwa mara ili unyevu usiiue kimya kimya. Asiyependa kubeba haya yote anaweza kufikiria winchi ya mkono inayotambaa juu ya waya kwa mpini. Ni ya polepole na huchosha, lakini haitegemei betri na inaweza kuvuta kutoka mbele, nyuma au ubavuni, jambo ambalo winchi ya kwenye bampa hailiwezi bila kapi.

Jeki ndefu

Jeki ndefu ya mpini, ambayo madereva wengi huiita jeki ya Tanganyika, hupatikana zaidi kwa urefu wa sentimita 122 au 152. Hainyanyui gari ili litembee. Hulinyanyua ili kitu kiwekwe chini ya gurudumu, yaani mawe, matawi au vibao. Kwa hiyo ni msaidizi zaidi kuliko mwokozi, ila kuna hali, hasa gari lililolalia tumbo kwenye mifereji mirefu, ambamo bila kunyanyua hakuna linaloanza.

Huhitaji ardhi ya kuikalia. Kitako chake ni kidogo na huzama mchangani mara moja, hivyo kipande cha ubao mnene kinapaswa kusafiri nayo. Huhitaji pia mahali pa kushikia kwenye gari, na hapo ndipo magari mengi ya sasa yanapoikataa, kwa kuwa bampa zao ni za plastiki na kingo zao za chini ni nyembamba. Bila bampa za chuma, reli imara za ubavuni, au kifaa cha kushikia rimu, jeki hii haina pa kushika.

Hatari yake ni kubwa na haifichiki. Mpini ulioachiliwa wakati jeki imebeba mzigo huweza kujipiga wenyewe juu na chini kwa kasi na kuvunja taya au mkono. Gari lililonyanyuliwa juu huyumba. Na kuingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki hii pekee ni jambo lisilofaa kufanywa kwa sababu yoyote ile. Mtu mwenye umbo dogo au mwenye maumivu ya mgongo asiihesabu kuwa chombo chake. Uzito wake ni kama kilo 13 au 14, na vumbi likiingia kwenye pini zake hukwama wakati mbaya, kwa hiyo isafishwe, itiwe mafuta, na ifunikwe inapobebwa nje.

Mbadala unaostahili kutajwa ni mfuko wa hewa unaojazwa kwa moshi wa ekzosi au kwa pampu. Hukaa vizuri juu ya mchanga na tope kwa sababu ni mpana, na hauhitaji bampa ya chuma, lakini hutobolewa na vitu vyenye ncha na hauna uthabiti wa kuaminiwa ubavuni.

Nani achague nini

Msafiri wa gari moja katika jangwa au kwenye fukwe anapaswa kuanza na vibao, na kama nafasi inaruhusu abebe jozi mbili, moja kwa magurudumu ya mbele na nyingine kwa ya nyuma. Huko hakuna nanga wala gari la pili, na winchi ingelemea mbele ya gari pale hasa panapotakiwa wepesi. Mfuko wa hewa unafaa kuwa nyongeza yake ya pili.

Wanaosafiri kwa magari mawili au zaidi yenye uzito unaokaribiana, katika mchanga au tope la kawaida, watapata thamani kubwa zaidi kwenye kamba ya kunyumbuka, kwa sharti kwamba kila gari lina sehemu za kuvutia zilizothibitishwa na kwamba madereva wamefanya mazoezi pamoja mahali salama. Kama katika msafara kuna dereva mmoja tu anayeelewa kamba hiyo, yeye ndiye aongoze, na wengine wasijaribu kwa pupa wakati yeye hayupo. Vibao vitangulie hata hapa, kwa kuwa hatari yake kwa watu ni ndogo zaidi.

Anayepita mara kwa mara katika misitu ya mvua, tope la kina na miteremko ya mawe, hasa peke yake, ndiye ambaye winchi imetengenezewa. Ainunue pamoja na kapi, mkanda wa mti, glavu na mkanda wa kurefushia, kwa sababu winchi bila hivyo ni nusu ya kifaa. Mtu anayekwenda huko mara moja kwa miaka kadhaa pengine angefanya vizuri kuongozana na gari lenye winchi kuliko kubeba yake.

Mwenye gari la zamani lenye bampa za chuma, anayepita kwenye mifereji iliyochimbwa na malori, bado ana sababu nzuri ya kubeba jeki ndefu, ilimradi awe na nguvu na mazoezi ya kuitumia. Mwenye gari jipya lisilo na pa kuishikia aiache bila majuto na kuchukua vibao pamoja na mfuko wa hewa.

Anayekodi gari, au anayesafiri na watoto na wazee, achague kwa kigezo cha nne kabla ya vingine vyote. Vibao, beleshi, pampu na maji mengi ya akiba vinamtosha, na mahali vibao visipofaa ni mahali pa kugeuza gari kabla ya kuingia, hata kama kuna alama za magari mengine yaliyopita.

Kwa msafiri wa peke yake anayekwenda mahali ambapo simu haifiki, na ambaye fedha zake zinatosha kifaa kimoja kikubwa tu, ningeshauri asinunue winchi kwanza. Achukue vibao, na fedha zinazobaki aziweke kwenye kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti, kile kinachotumia masafa ya 406 MHz ya mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat, akisajili kwa jina lake kabla ya kuondoka kama inavyotakiwa, na akimwachia mtu anayemwamini ramani ya njia yake pamoja na saa ambayo, ikipita bila yeye kupiga simu, mtu huyo ataanza kutafuta msaada. Gari likishindikana kabisa, akae karibu nalo, kwani gari huonekana kutoka angani kwa urahisi kuliko mtu anayetembea.